Aya Kumi na Mbili Zilizovuka Marenga Mkali

Mavuno yakishaingia ghalani na kiangazi kikishika, mabango ya mikutano ya injili huijaza Dodoma. Yanabandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za maduka ya Majengo, kwenye vituo vya daladala. Karibu yote huahidi jambo moja: ishara na miujiza. Mhubiri akipanda jukwaani, mara nyingi hufungua mwisho wa Injili ya Marko, sura ya 16, palipo na ahadi kwamba wenye imani watafukuza pepo, watanena kwa lugha mpya, watashika nyoka, watakunywa sumu bila kudhurika na kuwaponya wagonjwa kwa kuwawekea mikono. Kisha hufuata dai la kihistoria: hivi ndivyo injili ilivyoingia Ugogo tangu mwanzo. Ahadi ni suala la imani, nami siigusi kwa pupa. Dai la historia linaweza kuchunguzwa. Je, kweli ishara ndizo zilizoifungulia injili mlango wa uwanda huu wa kati?

Kabla sijafika popote, Biblia yenyewe ilinisimamisha. Katika matoleo kadhaa ya Kiswahili, aya ya 9 hadi ya 20 za sura hiyo zimewekwa ndani ya mabano ya mraba. Wasomaji wengi huyapita bila kuyaona. Mabano hayo yanatuarifu kwamba nakala za kale hazikubaliani. Nakala mbili kubwa za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinakomea aya ya 8: wanawake wanalikimbia kaburi, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno. Hamna nyoka. Hamna sumu. Hamna hata agizo la kwenda ulimwenguni kote. Basi aya hizi kumi na mbili zilitoka wapi, na zilifikaje huku?

Nilianzia Mpwapwa, kwa sababu misafara nayo ilianzia hapo kuingia Ugogo. Waliotoka Bagamoyo walipumzika chini ya milima hii na kujaza maji, maana mbele yao palikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu isiyomwonea huruma mpagazi. Ng'ambo ya nyika walikuwapo watemi wa Kigogo, wakidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla msafara haujagusa kisima. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapa akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwaka huohuo, kule Uingereza, kasisi na msomi John Burgon alichapisha kitabu kizima cha kuzitetea aya kumi na mbili za mwisho wa Marko. Mtu haandiki kitabu kizima kutetea kitu kisichoshambuliwa. Ugomvi ulikuwa umeshaiva huko. Je, ulipanda meli pamoja na wamisionari?

Mwaka 1876 msafara wa Church Missionary Society, ulioelekea Buganda, uliweka kituo Mpwapwa. Kituo kikaimarishwa mwaka 1878, na miongoni mwa waliofika alikuwapo tabibu, Edward Baxter. Biblia ya Kiingereza iliyokuwa mikononi mwa watu wa kizazi kile ilikuwa ile ya mwaka 1611. Humo aya zile kumi na mbili hazina alama yoyote. Zinafuata ya 8 kama kawaida. Miaka michache tu baadaye, 1881, Agano Jipya lililosahihishwa likatoka Uingereza. Humo pana nafasi tupu baada ya aya ya 8 na maelezo pembeni kwamba nakala mbili za kale kabisa hazina sehemu inayofuata. Kitabu kilichotangulia Mpwapwa kilikuwa hakina shaka. Kilichofuata kilikuwa nayo. Je, waliokuwa Mpwapwa walihubiri kwa kuzitegemea aya hizo hata kidogo?

Barua na taarifa zao zilichapwa London, na nyingi bado zinasomeka. Nilizipitia nikitafuta miujiza. Nikakuta homa. Nikakuta wapagazi waliotoroka na mizigo, bei ya vitambaa na shanga, vidonda vya miguu, mtama uliokosekana, makaburi ya watoto na wake. Nilikuta watu wakija kituoni kutafuta dawa na kurudi makwao bila kuuliza habari za Mungu wa daktari. Sikukuta kiwete aliyesimama kwa neno moja. Lakini mtafiti makini hapaswi kufurahia ukimya mapema mno. Waprotestanti wengi wa enzi ile waliamini kwamba miujiza ilikoma pamoja na mitume. Mtu mwenye imani hiyo, akiona jambo la ajabu, angeliandika, au angelipita kando?

Kwa hiyo niligeukia wazee. Mmoja, nje kidogo ya mji, alinipokea chini ya mwembe. "Mbukwenyi," alinisalimu kwa Kigogo, nami nikaitikia. Nilipomweleza shida yangu hakusita. Kulikuwa na ukame, mwanangu, akasema. Mtemi akatuma watu kwa mganga wa mvua, mvua isije. Mzungu wa misheni akapiga magoti hadharani, mbele ya watu wote. Kabla hawajafika nyumbani, mito imejaa. "Mwaka gani, Mzee?" Mwaka wa njaa. "Wewe ulisimuliwa na nani?" Na baba, naye aliambiwa na babu. Alisema hayo kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi. Sikuwa na sababu ya kumwona mwongo. Lakini simulizi la mkono wa tatu hupimwaje?

Kwanza kwa kalenda. Ugogo ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na kiwango chake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600 hivi. Mvua huja kwa vishindo, kisha hukatika wiki kadhaa. Anayeomba mwezi Desemba ana nafasi kubwa ya kulowa. Pili kwa desturi. Mtemi hakuwa mtawala wa amri tu. Alibeba dhamana ya mvua, alitunza mawe yake, na nchi ilipochafuka ilibidi itakaswe. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, aliandika historia na mila za Wagogo mwaka 1954. Peter Rigby, mwanaanthropolojia, aliishi kati yao mwanzoni mwa miaka ya 1960 akichunguza maisha hayo. Mvua ilikuwa hoja ya utawala. Simulizi la mgeni aliyemshinda mganga wa mvua linasema kwamba utawala umehamia kanisani. Na tatu kwa umbo: ukame, mashindano hadharani, maombi ya magoti, mafuriko. Huyo ni Eliya juu ya Karmeli. Kama kumbukumbu imevalishwa nguo za kitabu cha Wafalme, mwili ulio ndani yake ni upi?

Nilishikilia neno "njaa". Njaa ambayo Wagogo huipimia nyingine zote ni Mtunya, ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi mwaka 1920. Haikuanzia angani. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ghala zilikuwa tupu kabla mawingu hayajakataa. Kisha mvua ikakosekana, na watu wakafa kwa wingi au wakatawanyika. Kama muujiza wa mvua ungehitajika mahali popote katika historia ya uwanda huu, ungehitajika hapo. Haukuja. Na kanisa halikufa. Nani alilishika mkono?

Sio wamisionari. Vita vilipozuka mwaka 1914, wamisionari Waingereza waliwekwa kizuizini. Walimu Waafrika wa misheni walikamatwa, wakapigwa, wakapelekwa hadi Tabora kwa tuhuma za upelelezi. Mpaka majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Tabora Septemba 1916, wengi wao walikuwa minyororoni. Waliorudi walikuta vijiji vinaelekea kwenye Mtunya. Hawakuwa na daktari wala dawa, na hawakuwa na jina kubwa. Hata hivyo walikusanya watu, wakafundisha kusoma, wakazika wafu. Nikisoma habari zao naona ujasiri ambao mabango ya leo hayautaji. Kama kazi ya ishara ni kuwashawishi wasioamini, mbona pale ushawishi ulipokuwa mgumu kuliko wakati wowote haikuandikwa hata ishara moja?

Njia ya huku ilifika kwenye ukuta. Nikaifuata ile nyingine, ya maandiko, hadi chini ya Mlima Sinai. Katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, mwaka 1844 na tena 1859, msomi Mjerumani Constantin von Tischendorf aliona kurasa za ngozi ambazo leo zinaitwa Sinaiticus. Namna zilivyoondoka pale bado inazozaniwa. Sehemu kubwa iliuzwa na serikali ya Kisovieti kwa jumba la makumbusho la Uingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Mwenzake, Vaticanus, amekaa katika maktaba ya Vatikani tangu karne ya 15. Ndani ya Vaticanus kuna jambo dogo lililonishughulisha kuliko yote. Karani aliyemaliza Marko kwenye aya ya 8 aliacha safu nzima tupu kabla ya kuanza Luka, jambo asilolifanya anapomaliza injili nyingine. Je, alijua kuna maneno aliyochagua kutoyanakili?

Hapo wanaodai kwamba aya hizi ni uzushi wa karne za baadaye wanapata pigo. Irenayo, askofu wa Lyon, aliinukuu aya ya 19 kama mwisho wa Marko mnamo mwaka 180. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya Sinaiticus na Vaticanus. Nakala nyingi mno za Kigiriki zinazo aya hizo. Kwa upande wa pili, Eusebio wa Kaisaria, mwanzoni mwa karne ya 4, alisema kwamba nakala sahihi hukomea aya ya 8. Nakala moja ya kale ya Kilatini, Bobiensis, inayodhaniwa kuandikwa Afrika Kaskazini, ina mwisho mwingine kabisa, mfupi, usio na nyoka wala sumu. Wingi unasema hivi, umri unasema vile. Hakimu angemsikiliza nani?

Mimi ninausikiliza mwandiko. Aya ya 9 inamtambulisha Maria Magdalene upya, kama mtu asiyejulikana, ilhali ametajwa mwanzoni mwa sura ileile. Aya ya 7 inaahidi kukutana Galilaya. Aya zinazofuata hazifiki Galilaya. Mshono unaonekana. Ninakubaliana na wataalamu wengi wa maandiko kwamba mkono mwingine, wa zamani sana, uliongeza sehemu hii. Lakini mkono mwingine si lazima uwe mkono mwovu. Karibu kila kitu kilichomo kinapatikana kwingine katika Agano Jipya: wanafunzi wawili njiani ni Emau ya Luka, lugha ni Pentekoste, nyoka ni yule aliyemng'ata Paulo kule Malta, na agizo la kwenda kwa mataifa yote limo mwisho wa Mathayo, bila mabano. Misheni ya Mpwapwa haianguki kwa kukosa Marko 16. Kinachobaki bila ndugu katika Agano Jipya lote ni kimoja, kunywa sumu. Kwa nini sumu?

Eusebio anahifadhi simulizi la Papia kuhusu Yusto Barsaba, aliyekunywa sumu asidhurike. Kwa hiyo visa vya namna hiyo vilizunguka mapema. Lakini mimi nilikuwa nikisoma nikiwa bara, si Kaisaria. Sehemu nyingi za bara zilijua kiapo cha mwavi. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa. Akitapika na kupona, hana hatia. Akifa, kesi imekwisha. Mtu aliyekulia karibu na habari hizo, akisikia kwamba mwamini atakunywa kitu cha kufisha na asidhurike, hasikii zawadi. Anasikia baraza. Anasikia mtihani wa nani mkweli na nani mwongo. Ndipo nikaona hatari ambayo watetezi na wapinzani wa aya hizi huko Ulaya hawakuijadili. Je, aya inayotoa faraja kwa mmoja haiwezi kuwa mwavi kwa mwingine, yule aliyeombewa asipone na kuambiwa kwamba hana imani?

Nilitaka kuhakikisha kwamba sijengi nadharia juu ya mstari mmoja. Nikatafuta aya nyingine yenye mabano na muujiza ndani yake. Ipo, Yohana 5:4. Ni habari ya birika la Yerusalemu lenye matao matano, ambako malaika hushuka kuyatibua maji, na anayeingia wa kwanza ndiye anayepona. Nakala za kale, zikiwemo Sinaiticus, Vaticanus na papiri mbili za zamani zaidi, hazina aya hiyo. Birika lenyewe lilikuwapo. Wachimbaji wamelifukua karibu na kanisa la Mtakatifu Anna. Na uponyaji wa mtu aliyelala miaka 38 hauna shaka yoyote ya nakala. Chenye shaka ni maelezo tu, yaani kanuni ya nani anapona. Mfikirie mkulima wa Bahi au Chamwino, anayejua foleni ya ndoo kisimani, akisoma kwamba Mungu humponya mwenye mbio. Hiyo ni habari njema kwa nani?

Hapo nyayo mbili zilianza kukutana. Katika sehemu hizi mbili, maneno yaliyoongezwa yanageuza muujiza kuwa kanuni: ukiamini, haya yatafuata, ukiingia wa kwanza, utapona. Masimulizi yasiyo na shaka hayafanyi hivyo. Kwenye birika, Yesu anampita mshindi wa mbio na kumwendea aliyeshindwa kila mara. Mifano miwili ni michache, nakiri, na upo wa tatu unaokwenda kinyume: habari ya mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana 7:53 hadi 8:11, nayo haimo katika nakala za zamani, wala haina muujiza wala kanuni, ina rehema tu. Agostino, askofu wa Hippo, alidhani watu wa imani haba waliiondoa kwa kuogopa kwamba wake zao wangeitumia kama ruhusa. Basi si kila mabano yamefungia kitu cha namna moja. Lakini kuhusu miujiza, Injili zenyewe, nje ya mabano, zinasema kazi yake ni nini?

Zinasema mambo mawili yasiyolingana kwa urahisi. Yohana, karibu na mwisho wa kitabu chake, anasema ameandika ishara ili watu waamini. Marko, sura ya 8, anamwonyesha Yesu akiombwa ishara na Mafarisayo, akishusha pumzi kwa uchungu, akikataa katakata. Nimezisoma sehemu hizi nikitafuta njia ya kuzipatanisha bila kudanganya. Naona hivi: ishara zinatolewa kwa wahitaji, zinakatazwa kwa wapimaji. Mwenye ukoma anaponywa kisha anaambiwa anyamaze. Mwenye kutaka ithibati anaambiwa hapana. Muujiza katika Injili ni huruma kwanza. Ushahidi huja nyuma, tena si kila mara. Kama ndivyo, je, kanisa la Afrika limewahi kuitunza miujiza yake kama huruma na bado ikaandikwa kwa uangalifu?

Limewahi, na ni la zamani kuliko makanisa mengi ya Ulaya. Agostino huyohuyo, katika Aljeria ya leo, aliandika akiwa kijana wa imani kwamba miujiza ya zamani haikuachwa iendelee. Uzeeni alijisahihisha hadharani. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anasema kwamba Hippo peke yake, katika muda usiofika miaka miwili, ilikuwa na taarifa karibu 70 za uponyaji zilizoandikwa. Aliagiza mhusika aandikiwe karatasi yake, isomwe mbele ya watu, naye mwenyewe asimame aulizwe. Jina, ugonjwa, mashahidi. Huko Lourdes, Ufaransa, tangu mwaka 1858 mamilioni wamekwenda kuomba, na kufikia 2018 Kanisa Katoliki lilikuwa limetambua miujiza 70 tu. Mwenye imani ya kweli haogopi daftari. Madaftari ya Ugogo yako wapi?

Yako hospitali. Mvumi, palipokuwa makao ya Mtemi Mazengo, misheni ya Kianglikana ilijenga hospitali iliyokuja kujulikana mno kwa matibabu ya macho. Hilo si jambo dogo hapa. Trakoma, ugonjwa wa vumbi, nzi na uhaba wa maji, umewapofusha watu wengi wa uwanda wa kati. Kope hujikunja ndani na kuikwaruza mboni mpaka giza liingie. Kongwa ikawa mahali pa uchunguzi mkubwa wa ugonjwa huo kuanzia miaka ya 1980. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kunawa uso! Nikakumbuka Yohana 9, sura isiyo na mabano, kipofu anatumwa kwenda kunawa Siloamu. Sisemi ni jambo moja. Maji ya Kongwa yanazuia upofu, hayaurudishi mwanga. Lakini yule mama anayembeba mwanawe mgongoni na ndoo kichwani, akitembea mbali ili mtoto anawe uso, tumtafutie nafasi gani tunapoorodhesha matendo ya Mungu?

Upo muujiza mwingine ambao wazee waliutaja bila kuulizwa. Miaka ya 1940 Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ulikuwa umefika Dodoma. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance hapa mjini. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, na leo eneo lake ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Yohana Omari, mtu wa Uamsho aliyetoka katika Uislamu, aliwekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana nchini Tanganyika. Ishara ya Walokole, yaani watu wa Uamsho, haikuwa viwete kutembea. Ilikuwa mtu kusimama mbele ya kutaniko na kutaja alichoiba, kisha kukirudisha: mbuzi, jembe, fedha ya mwajiri. Hiyo inaweza kuthibitishwa na jirani. Kwa nini basi mabango ya leo hayaitangazi?

Sehemu ya jibu iko katika miongo iliyofuata. Kati ya 1972 na 1975 Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliongoza huduma ya maombi ya uponyaji iliyovuta umati Dar es Salaam, na habari zake zikaenea bara. Makanisa ya Kipentekoste yakakua. Marko 16, ambayo wamisionari waliiacha karibu imelala, ikaamka. Halafu mwaka 2011 Watanzania kwa maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu. Dodoma nayo ilipeleka mabasi. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Simlaumu aliyekunywa, wala aliyetoa. Mgonjwa hana anasa ya kuchambua nakala. Lakini niliiona tena Yohana 5:4, watu wanaokimbilia maji wakiogopa kuchelewa. Mtu aliyelala miaka 38, asiye na wa kumpakia kwenye basi, alifikiwa na nani?

Nikarudi Mpwapwa na swali la kwanza. Je, ishara ziliifungulia injili mlango? Kwa ushahidi niliouona, hapana. Zilitafutwa, zilisimuliwa, pengine zilitokea kwenye vyumba ambavyo hakuna aliyeshika kalamu. Lakini mlango ulifunguliwa na walimu, wauguzi na majirani waliorudisha mbuzi. Aya kumi na mbili zilivuka Marenga Mkali ndani ya mzigo, zikakaa vizazi kadhaa kabla hazijapewa kazi zinayoifanya leo. Naamini zisomwe kanisani, zisomwe na mabano yake kwa sauti, na aliyeombewa asipone asibebeshwe kosa. Nilidhani safari imekwisha. Ila kulikuwa na daftari moja la zamani la ubatizo ambalo sikuwa nimelifungua; lingekuwa na nini jipya?

Safu zake ni za kawaida: jina la mbatizwa, tarehe, kijiji, wasimamizi, aliyebatiza. Hakuna safu ya sababu. Nikaanza kusoma safu ya wasimamizi, ambayo watafiti hupita haraka. Jina la mwanamke mmoja linajirudia ukurasa baada ya ukurasa, na kijiji chake kinabadilika kadiri miaka inavyokwenda, kana kwamba alikuwa akihama na habari. Hana cheo. Hatajwi katika barua yoyote iliyochapwa London. Nikakumbuka kwamba Marko, ikikomea aya ya 8, inawaacha wanawake watatu wamenyamaza kwa hofu, na bado habari ilitoka. Lazima mmoja wao alisema na mtu. Vijiji alivyopitia huyu wa daftari bado vipo, na ukoo wake unafahamika. Wiki ijayo ninakwenda kuwauliza wajukuu zake: bibi yenu alisikia kwa nani?